Mashine Haikungoja "Ila"

Mmeniambia niandike niliyoyaona kazini ili ninyi mnaoanza mpate kusoma. Niliishia darasa la tano, Masanze, kwa hiyo msitegemee maandishi ya kupendeza. Vyeo sina cha kusema. Nilianza mhudumu na nimetoka mhudumu. Mshahara nao tuuache ulipo. Nitasema habari ya kazi, na majina nitayataja. Najua wapo watakaosema Mwanaidi ana kinyongo. Ninacho. Nimekaa nacho miaka mingi, sasa kimekuwa kama mwenzangu wa nyumbani.

Niliingia makazi ya wazee ya Kilosa nikiwa msichana, wakati Serikali ndiyo ilikuwa inatoa kila kitu: unga, sabuni, mashuka, mpaka sufuria. Nyumba zilikuwa safu mbili zinazotazamana, na baraza ya mbele iliangalia barabara ya kwenda Mikumi. Siku ya kwanza nilipewa ndoo, brashi ya mkonge na gauni la bluu. Gauni lilikuwa la mhudumu aliyefariki. Nilipouliza kama hakuna jingine nikaambiwa lipo, ila mwenye nalo bado yu hai.

Aliyenipokea ni Mama Salome, Mkaguru wa Mamboya, mwanamke mrefu, mkono mzito, mdomo mwepesi. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wetu ingawa hakuna mahali palipoandikwa hivyo.

"Umeshawahi kumwosha mtu mzima?" akaniuliza.

"Bado, mama."

"Utaosha leo. Lakini kwanza utasalimia."

Kusalimia nani asiyejua? Nikapita safu nzima upesi upesi. Shikamoo babu, marahaba, habari za asubuhi, nzuri. Shikamoo bibi, marahaba, habari, nzuri. Nikarudi mlangoni nimemaliza, najiona hodari.

"Babu wa kitanda cha kwanza kakujibu nini?"

"Nzuri."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda kwa mwingine."

"Basi hujamsalimia. Umempitia, kama mbuzi anavyopita." Akanishika mkono akanirudisha. "Sikiliza, binti. Sisi mtu akiulizwa habari anasema nzuri. Hata awe na maiti sebuleni, atakwambia nzuri kwanza. Ndiyo adabu tuliyolelewa. Habari yenyewe inakuja nyuma, inaanza na ila. Nzuri, ila sikulala. Nzuri, ila tumbo. Wewe hukuajiriwa kupokea nzuri. Umeajiriwa kungoja ila."

Na kungoja kwenyewe kulikuwa na ufundi. Alinifundisha nisimkodolee mzee macho, maana ukimkodolea anaona haya, anafunga mdomo. Kunja blanketi lake. Sogeza kikombe. Nyoosha foronya iliyokwisha kunyooka. Mikono iwe na kazi, masikio yasiwe na kazi nyingine. Wengine ila yao inakuja papo hapo, wengine mpaka ufike kwenye kona ya nne ya shuka.

Kesi ngumu niliyofundishiwa ilikuwa ya Mzee Masanja. Huyu alikuja huku na wanawe na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Wana wakahamia mbele na mifugo, yeye akabaki kwetu kwa sababu ya miguu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabika, na nzuri alikuwa nayo. Kila asubuhi nzuri, na tabasamu juu. Mimi nikasema mzee huyu hana tatizo, tuendelee na wenye matatizo. Mama Salome akaketi ukingoni mwa kitanda chake, akatoa chungwa kwenye mfuko wa gauni, akaanza kulimenya taratibu sana. Nilifikiri hamalizi. Alipofika nusu, Mzee Masanja akamwangalia, akasema, "Nzuri, mama. Ila mkojo damu."

Alikuwa anakojoa damu tangu wiki iliyopita, na asubuhi zote hizo alikuwa anatuambia nzuri. Tulimpeleka hospitali, akatibiwa, akarudi, akaishi miaka mingine ya kutosha kunitania kwamba napika uji kama gundi ya kubandikia barua.

Hiyo ndiyo kazi niliyojifunza. Sasa nisikilizeni ilivyoharibiwa.

Ikaja ile miaka ya soko huria. Kilosa mjini maduka yakajaa mitumba na redio za rangi rangi, na kwetu unga ukapungua. Sabuni tukakata vipande. Kisha wakaanza kupunguza watu. Waliitwa ofisini mmoja mmoja, wakatoka na bahasha, na sisi tuliobaki tukabeba ndoo zao. Mimi nilibaki, na mpaka leo sijui kwa nini. Mama Salome aliambiwa umri umemtosha, akapumzike.

Akapumzike wapi? Nyumba yao Mamboya ilikuwa imeanguka ukuta. Mwanawe mmoja aliyekuwa naye alikwenda Dar es Salaam akapotelea huko. Mvua za mwaka ule zilipokwisha nikamwona anaingia getini na furushi kichwani. Akapewa kitanda cha dirishani, kile alichokuwa akikisugua miguu yake kwa brashi miaka yote. Asubuhi ya kwanza nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za hapa?"

"Nzuri," akasema. Nikakunja blanketi. Nikasogeza kikombe. Akacheka. "Unanifanyia mimi? Haya. Ila naona aibu."

Kila siku niliyokuwa zamu nilimngojea ila yake. Alikuwa na kisukari, na zile ila zake ndizo zilizokuwa zinatuambia lini apunguziwe wanga na lini apelekwe kupimwa.

Kisha makazi yakakabidhiwa kwa shirika. Meneja wao aliitwa Festo. Jina la baba yake analijua mwenyewe, na nikionana naye nitamtajia yote mawili. Festo alivaa shati jeupe kwenye vumbi la Kilosa na halikuchafuka, na hilo peke yake lilitakiwa kututia wasiwasi. Ofisi hakuiweka kwetu waliko wazee, aliiweka Mikumi kwenye barabara kuu, maana wafadhili walikuwa wanakuja kuangalia tembo mbugani. Wakimaliza tembo wanapitishwa kuangalia wazee. Akafungua na kituo kidogo hapo Mikumi, ambako wazee wa jirani walikuja mchana kunywa uji na kupigwa picha.

Festo ndiye aliyeleta kompyuta na neno tija. Lile neno sikuwahi kulisikia, nikadhani ni aina ya dawa. Alituita barazani, pembeni yake fundi wa kompyuta aliyeitwa Gilbert, tukagawiwa vimashine vya mkononi. Kila kitanda kikabandikwa kadi yenye mistari myeusi, kama ile ya kwenye boksi la dawa ya meno. Unaelekeza kimashine kwenye kadi, kinalia pii, kinakuandikia jina la mzee. Kisha kinauliza: Mzee anasemaje? Chini yake vitufe viwili, Nzuri na Si nzuri.

Sitasema uongo, kimashine kilikuwa na faida zake. Dawa za asubuhi na jioni zilikuwa zinachanganywa, na baada ya kimashine zikaacha kuchanganywa, kwa sababu kilikuwa kinapiga kelele mpaka umpe mtu kidonge chake. Mashuka yakaacha kupotea. Kama wangeishia hapo, leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Ukibonyeza Nzuri, kitanda kinakuwa kijani kwenye kompyuta na unakwenda kwa mwingine. Ukibonyeza Si nzuri, yanafunguka maswali juu ya maswali, na kitanda hakifungi mpaka umalize. Na Festo alibandika ukutani karatasi ya majina yetu, nani kamaliza vitanda vingi kwa saa. Wa kwanza anapewa fulana ya shirika. Wa mwisho anaitwa Mikumi kujieleza. Mnajua wa mwisho alikuwa nani.

"Mama Rajabu," Festo akaniambia, maana Rajabu ni mwanangu wa kwanza, "wewe kitanda kimoja unakaa dakika nne. Nne! Unafanya nini?"

"Nasalimia."

"Hidaya anasalimia kwa sekunde ishirini."

"Hidaya anapokea nzuri. Mimi nangoja ila."

Akamgeukia Gilbert. "Ila iko kwenye mfumo?"

Gilbert akafikiri kwa heshima zote. "Iko, bosi. Ni hiyo Si nzuri."

"Mzee hawezi kukwambia si nzuri," nikasema. "Hata wewe mama yako hawezi kukujibu hivyo asubuhi."

"Mama yangu ana simu," Festo akasema. Wakacheka, na mimi nikaonekana mtu wa kale.

Huyu Hidaya tuliyekuwa naye safu moja hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa ananitania mbele ya wazee: "Mwenzetu huyu kila kitanda anaposa! Uji unapoa, bi harusi!" Alishinda fulana tatu. Mwisho akagundua kwamba kadi unaweza kuzisoma ukiwa mlangoni, huna haja ya kuingia, akawa anasalimia safu nzima kwa sauti moja, wazee wanajibu nzuri kama wanafunzi, na kimashine kinalia pii, pii, pii. Makao makuu wakaona tija imepanda. Tija ilipopanda, Festo akasema basi watu waliobaki wamezidi, akawapunguza tena. Hidaya akabaki na safu nzima peke yake. Mimi nikahamishiwa Mikumi kupika uji wa wageni.

Siku ya kuondoka nilimwambia Hidaya, "Mama Salome umngojee. Yeye ila yake inachelewa."

"Nenda bwana, nitamlea mama yako," akasema. Labda siku hiyo alikuwa amekusudia kweli.

Habari za Kilosa zilikuwa zinafika Mikumi kwa disketi. Ndiyo, na teknolojia yote ile, disketi ilikuwa inapewa kondakta wa basi, anaitia mfukoni pamoja na tiketi, anatuletea Jumatatu na Alhamisi. Karani anaichomeka, kioo kinajaa rangi. Nikimaliza kupika nilikuwa naingia kumwomba anionyeshe kitanda cha dirishani. Kijani. Siku zote kijani. Nami sikuwa na amani, maana miaka yote niliyomjua Mama Salome hakuwahi kupitisha wiki bila ila.

Jumatatu moja kondakta alipoleta disketi akaniambia, "Mama Rajabu, yule bibi yako mrefu anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Simwoni barazani. Tukipita alikuwa ananipungia, anatukana dereva wangu kwa vumbi. Wiki ya pili hii, kimya."

Nikaenda kwa Festo kuomba ruhusa ya siku moja. Hakunyanyua hata kichwa. Akageuza kioo cha kompyuta kinitazame.

"Soma mwenyewe. Kijani. Kijani. Kijani. Unataka kuacha kazi ukamwone mtu asiye na tatizo?"

"Kondakta anasema hatoki nje."

"Mimi nina mfumo, wewe una kondakta." Kisha akalainisha sauti. "Ijumaa nina wageni. Wakishaondoka nenda hata siku mbili. Kama una wasiwasi piga simu, simu ile pale."

Nikapiga. Akapokea Hidaya, anahema.

"Mama Salome anaendeleaje?"

"Mzima. Nimemsalimia asubuhi hii."

"Kasema nini?"

"Si kasema nzuri."

"Halafu?"

"Halafu nini, Mwanaidi? Nina safu nzima hapa." Akakata.

Kesho yake nilipanda basi la asubuhi bila ruhusa. Tulipita Masanze kwetu, sikushuka hata kuwasalimia ndugu. Makazi nilifika wazee wanakunywa uji. Nje ya dirisha lake tu nikasikia harufu, na ninyi mkikaa kazi hii mtaijua, wala hamtahitaji kufundishwa.

Alikuwa amelala amejifunika mpaka kifuani, nywele zimechanwa vizuri. Uso umekwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Mikumi?"

"Ndiyo. Habari za siku?"

"Nzuri."

Nikashika blanketi, nikaanza kulikunja kutoka upande wa kichwani. Sikuharakisha, ingawa nilikuwa najua. Nikafika magotini. Akanishika mkono.

"Ila mguu," akasema. "Usifunue kwanza. Nikwambie usije ukashtuka."

Alikanyaga kitu bafuni, hakusikia maumivu kwa sababu ya sukari, kidonda kikaanza kidoleni kikapanda. Nilipofunua ulikuwa mweusi mpaka kwenye kifundo.

"Mama, tangu lini? Kwa nini hukusema?"

Akaniangalia kama siku zile nilipokuwa binti wa gauni la marehemu. "Nilisema. Kila siku anauliza habari, nasema nzuri. Nikivuta pumzi niseme ila, ameshaondoka. Sasa ningemkimbilia, na mguu huu?"

Hidaya alikuwa amesimama mlangoni, kimashine mkononi. Aliyasikia yale yote. Akasema, "Mama, ungeniita kwa jina."

"Nikuite, nikuombe unisalimie?" Mama Salome akasema. "Mimi?"

Hakukuwa na gari. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa kubebea maji, mimi nasukuma, Hidaya anashika godoro lisiteleze. Njia nzima hakulalamika. Tulipovuka reli akaniuliza kama bado nawapikia wazee uji mzito. Daktari alifunua, akafunika. Akasema angeletwa mwanzoni angepoteza kidole, labda viwili. Wakakata chini ya goti siku ileile. Sumu ilikuwa imeshapita hapo.

Ijumaa wageni walifika Mikumi, uji wakapikiwa na mtu mwingine. Niliambiwa Festo aliwaonyesha mchoro wenye mstari unaopanda, wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaenda kuona simba. Mama Salome alifariki Jumamosi. Mkono wake ulikuwa kwenye wangu. Nilimuuliza anajisikiaje, na swali lile najilaumu mpaka leo kwa upumbavu wake, akasema nzuri. Nikangoja. Nilinyoosha shuka lile pande zote nne. Ila haikuja.

Tulimzika Mamboya. Niliporudi Mikumi nilimwomba karani anionyeshe kitanda cha dirishani mara ya mwisho. Kilikuwa kijani Ijumaa. Kilikuwa kijani Jumamosi. Hidaya alikuwa amelisalimia godoro, na godoro likajibu nzuri. Nikamwita Festo aje aone. Aliangalia, akakuna kidevu.

"Kosa la kuingiza taarifa," akasema. "Mfumo wenyewe hauna shida."

Akamwambia karani afute zile mbili. Zikafutwa. Mimi nikapewa onyo kwa utoro.

Kwa hiyo majina ndiyo hayo. Festo aliyeifanya salamu kuwa mashindano, akapigiwa makofi. Gilbert aliyeulizwa kama ila iko kwenye mfumo akajibu iko. Hidaya aliyesalimia akiwa mlangoni. Hidaya peke yake ndiye aliyewahi kuja kwangu kulia, na nilimpa kiti, maji sikumpa. Shirika liliondoka fedha za wafadhili zilipokwisha. Festo, nasikia, yuko Dodoma, anafundisha watu uongozi. Vile vimashine vilikaa kabatini mpaka betri zikavuja. Makazi yakarudishwa kwa halmashauri, mimi nikarudishwa Kilosa, nikafanya kazi mpaka nilipostaafu mwaka huu. Kila asubuhi nilikuwa wa mwisho kumaliza safu.

Sasa mmeletewa simu, kila mmoja ya kwake, na mkufunzi amewaambia zitawarahisishia kazi. Zitawarahisishia. Tumieni kwa dawa, tumieni kwa mashuka, tumieni kuita gari, maana sisi tulikuwa na mkokoteni. Nilipokuja kuaga niliziangalia hizo simu. Nyuso za kijani na nyekundu zimechorwa humo, za kubonyeza. Nikauliza ila iko wapi. Dada mmoja akanijibu kwa adabu sana, "Shangazi, kuna sehemu ya maoni, lakini si lazima kuijaza."

Basi msiitafute ila humo ndani, haimo. Fikeni kitandani kwanza, simu iwe mfukoni. Kunjeni blanketi.

Mimi siku hizi nakaa kwangu Masanze, sukari imenianza nami. Mkipita barabarani mnanisalimia, nashukuru. Shikamoo shangazi, marahaba, habari za hapa, nzuri. Halafu navuta pumzi. Nikiinua macho, mgongo wako nauona umeshafika kwenye kona.